Dada Yangu ni Fundi

Tumbo la Chiriku liliuma siku tano kwa wiki. Jumatatu liliuma. Jumanne likauma zaidi. Jumamosi na Jumapili, tumbo hilohilo lilimaliza sahani mbili za viazi na kuomba nyongeza.

"Baba, linauma kweli," alisema asubuhi hiyo. Alikuwa amejikunja kitandani, soksi moja mguuni, nyingine mkononi.

"Linauma wapi?"

"Hapa." Akagusa kitovu. Kisha akagusa mbavu. "Na hapa pia."

Baba alitazama saa. Mama alishatoka tangu alfajiri kwenda kiwanda cha mikate, kwa hiyo shughuli zote za asubuhi zilikuwa juu yake. Alikuwa fundi wa friji, na watu wa mtaani walimwita Fundi Baridi. Lakini yeye mwenyewe hakuwa na baridi hata chembe. Alikuwa moto wakati wote. Hata chai aliinywa akitembea: huku anatafuta bisibisi, huku anafunga mkoba wa kazi, huku anamwambia mteja kwenye simu, "Nimeshafika, niko hapo nje," na bado hajavaa viatu.

"Vaa soksi, mama. Tumechelewa."

Chiriku alivaa. Alikuwa na miaka tisa, na alisoma darasa la tatu. Jina hilo alipewa kwa sababu ya mdomo wake. Akisikia taarifa ya habari mara moja redioni, anakusimulia yote, pamoja na kikohozi cha mtangazaji. Akisikia friji linavyounguruma, anasema, "Baba, hili lina gesi kidogo," na mara nyingi hakosei. Wateja walicheka na kusema, "Huyu mtoto atakuwa wakili."

Lakini kadiri walivyokaribia shule, ndivyo maneno yake yalivyopungua. Walipofika getini, alishika nondo za geti kwa mikono miwili. Fundi Baridi alimbandua kidole kimoja kimoja, akamsukuma ndani taratibu, akaondoka mbio bila kugeuka nyuma.

Hakuwa amefungua hata skrubu ya kwanza siku hiyo simu yake ilipolia. Aliyepiga alikuwa mwalimu wa darasa la Chiriku.

"Mzazi, naomba uje shuleni mchana. Ni kuhusu binti yako."

Mwalimu wa darasa alikuwa na wanafunzi sabini na wawili, na sauti yake ilikuwa imekauka. Aliweka daftari la Chiriku mezani na kulifungua.

"Niliwaambia waandike habari za mzazi mmoja," alisema. "Soma mwenyewe."

Fundi Baridi alisoma. *Dada yangu ni fundi. Dada yangu anatengeza friji. Dada yangu anatemdea haraka.*

"Una binti mkubwa ambaye ni fundi?" mwalimu aliuliza.

"Hapana. Huyu ndiye mtoto wangu wa pekee."

"Basi huyo dada ni wewe. Alitaka kuandika *baba*. Nimemsahihisha neno hili tangu mwaka juzi. Leo nilimwambia asome mbele ya wenzake. Darasa zima lilicheka hadi nikashindwa kulinyamazisha."

"Yeye alifanyaje?"

"Alicheka pamoja nao. Kisha akaomba ruhusa ya kwenda chooni, na hakurudi hadi kipindi kikaisha." Mwalimu alifunga daftari. "Mzazi, nitakwambia ukweli. Kwa mdomo, mtoto huyu ni wa kwanza. Kwenye karatasi ni wa mwisho. Mtoto mwenye akili vile atashindwaje kuandika *baba*? Ni uvivu. Asipobadilika, mwakani atarudia darasa."

Neno hilo, *kurudia*, lilimchoma Fundi Baridi mahali ambapo hakutaka kupagusa. Alisimama upesi hata kiti kikaanguka.

Jioni hiyo alimkalisha binti yake mezani na kitabu cha kusoma. "Soma. Kuanzia hapa."

Chiriku alisoma. Alisoma vizuri ajabu! Hadithi ilikuwa ya kuku aliyetumbukia kisimani. Chiriku aliigiza sauti ya kuku, na ya mwenye kuku, na hata ya maji. Moyo wa baba ulianza kutulia. *Mwalimu amechoka tu,* aliwaza. *Mtoto anasoma kama maji.*

Halafu akatazama ukurasa. Kwenye picha kuku alikuwa bado yuko juu ya paa. Hadithi aliyokuwa akiisikia ilikuwa imeshafika kisimani, kurasa mbili mbele. Macho ya Chiriku hayakuwa hata kwenye kitabu.

Fundi Baridi aliweka kidole chini ya neno moja. "Hili ni neno gani?"

Chiriku alilitazama muda mrefu. Alilamba midomo. "M... mdizi? Ndizi?"

Neno lilikuwa *mbuzi*.

"Na hili?"

"Dogo?"

Lilikuwa *boga*.

Kumbe alikuwa amekariri kitabu kizima kwa kusikia wenzake wakisoma. Fundi Baridi alihisi damu ikimpanda kichwani. "Unatufanya sisi wajinga!" alifoka. Rula ilikuwa mezani. Kabla hajafikiri, ilikuwa mkononi mwake, na ilikuwa imeshashuka juu ya vidole vya mtoto mara mbili.

Mama aliingia wakati huohuo, unga ukiwa bado kwenye nywele. Aliuona mkono wa mtoto. Aliiona rula. Hakupiga kelele. Alimchukua Chiriku, akamwosha vidole kwa maji ya baridi, akamwacha chumbani, kisha akarudi.

"Baba Chiriku, umempiga kwa kosa gani?"

"Anatudanganya! Hajui kusoma. Anakariri tu. Ni mvivu!"

"Kitabu kizima?"

"Kizima."

"Wewe unaweza kukariri kitabu kizima?"

Fundi Baridi aliisukuma rula pembeni.

"Mtoto anayebeba kitabu kizima kichwani ili asiaibike," mama alisema, "unamwitaje mvivu? Hiyo ni kazi kubwa kuliko kusoma. Kuna kitu hapa hatukijui, baba Chiriku. Tukiulize, tusikipige."

Siku tatu zilizofuata Fundi Baridi hakukalika. Alisahau koleo kwa mteja mmoja na tochi kwa mwingine. Aliunganisha waya mwekundu mahali pa mweusi, kosa ambalo hakuwa amelifanya tangu ujana wake. Chiriku naye hakuongea tena juu ya sauti za friji. Nyumba ilikuwa kimya, na kimya hicho kilimkera kuliko kelele.

Siku ya nne aliitwa kwenye shule nyingine, upande wa pili wa mji. Friji la jikoni lilikuwa limekufa. Aliligeuza, akafungua kifuniko cha nyuma, akaanza kupima waya. Ndipo akasikia sauti ya mwanamke kutoka chumba cha jirani.

"Usiogope kukosea. Chora tena. Huku unachora, sema sauti yake."

"Bbb," alijibu mtoto.

Fundi Baridi alichungulia dirishani. Mtoto mmoja, wa umri kama wa Chiriku, alikuwa akichora herufi kwa kidole kwenye sinia la mchanga. Alichora *d*. Mwalimu, mama mwenye miwani mikubwa, hakugomba. Alitikisa sinia, mchanga ukawa tambarare, akasema, "Tuanze upya." Mtoto akachora tena. Safari hii ilikuwa *b*.

Fundi alisimama pale hadi mtoto akatoka. Mwalimu akamwona.

"Vipi, fundi? Friji limehamia dirishani?"

"Samahani, mwalimu." Alijifuta mikono kwa tambara ingawa haikuwa michafu. "Yule mtoto... ana shida gani?"

"Kwa nini unauliza?"

Maneno yalimtoka yote kwa pamoja. Alieleza juu ya *dada* na *baba*, kitabu kilichokaririwa, tumbo la siku za shule. Hata rula aliitaja, huku akitazama sakafu.

Mwalimu alimwita ndani, akavuta kiti. "Kaa kwanza. Mimi ni mwalimu wa elimu maalumu. Ngoja nami nikuulize. Ukimweleza jambo kwa mdomo, anaelewa?"

"Kuliko mimi."

"Akinakili kutoka ubaoni, anawahi kumaliza?"

"Daftari lake limejaa sentensi nusunusu."

"Akisoma, anaruka mistari? Anapotea asijue alikuwa wapi?"

"Ndiyo. Na anabahatisha. Anaona herufi ya kwanza, mengine anabuni."

"Neno moja analiandika kwa namna tofauti kwenye ukurasa mmoja?"

"Neno *friji* aliliandika kwa namna tatu."

"Hesabu je? Anageuza tarakimu? Kumi na mbili inakuwa ishirini na moja?"

"Mara kwa mara. Na bado anachanganya kushoto na kulia."

Mwalimu alitikisa kichwa taratibu. "Sikiliza, fundi. Mimi siwezi kumpima mtoto ambaye sijamwona. Watoto wengi wanapoanza shule hugeuza herufi, na baadaye huacha wenyewe. Dalili moja ya siku moja si kitu. Lakini dalili zikiwa nyingi, zikadumu miaka, wenzake wameshavuka na yeye bado, ingawa anafundishwa na anajitahidi, hapo tunapaswa kuangalia. Huenda ana ugumu wa kujifunza. Kwa wengine ugumu uko kwenye kusoma, kwa wengine kwenye kuandika au hesabu."

"Maana yake hana akili?"

"Hapana! Akili anayo, wewe mwenyewe umesema. Ubongo wake unashughulikia herufi kwa njia tofauti na ya wengine. Si uvivu. Si utukutu. Hakulogwa na mtu. Wala si ugonjwa kwamba utamnunulia vidonge. Anahitaji kufundishwa kwa njia inayomfaa, na kupewa muda."

"Na fimbo?"

"Fimbo inamfundisha kitu kimoja tu: kujificha. Mtoto wako ameshajifunza hicho. Ndiyo maana alikariri kitabu." Mwalimu aliweka miwani sawa. "Mara nyingine hali hii huonekana zaidi ya mara moja katika ukoo. Kuna mwingine kwenu aliyesumbuliwa na kusoma?"

Fundi Baridi alitazama mchanga kwenye sinia.

"Dada yangu," alisema mwishowe. "Dada yangu ni fundi."

Dada huyo alimzidi miaka mitatu. Alirudia darasa la tatu. Akarudia la nne. Akarudia tena, mpaka siku moja mdogo wake akaingia darasa lilelile na kukaa mbele yake. Mwalimu wao alikuwa na mchezo mmoja: dada akishindwa kusoma sentensi, mdogo mtu aliitwa aisome. Naye aliisoma kwa sauti ya juu, kifua mbele. Jioni aliisoma tena nyumbani, watoto wa jirani wacheke. Alimwita "Bongolala." Kabla mwaka haujaisha, dada aliacha shule.

Fundi alimaliza friji, lakini hakwenda kwa mteja aliyefuata. Alikwenda moja kwa moja kwenye kibanda cha dada yake, aliyekuwa fundi wa nguo.

Dada alikuwa akimpima mteja. Hakuandika vipimo popote. Alichukua utepe wa kitambaa, akaupiga fundo penye bega, fundo penye kiuno, fundo penye urefu. Ukutani zilining'inia tepe nyingi za rangi mbalimbali, na kila moja alijua ni ya nani. Nguo zake hazikupwaya wala kubana.

Mteja alipoondoka, Fundi Baridi alibaki amesimama. Alishika mkasi, akauweka. Akashika kibweta cha vifungo, akakiweka.

"Utavunja kitu humu," dada alisema. "Una nini, mdogo wangu?"

Alimweleza habari za Chiriku. Kisha akasema, "Dada, kumbe hukuwa mvivu. Na mimi nilikucheka mbele za watu."

Dada aliinamia kitambaa kwenye mashine yake ya kushonea. Alishona mshono mrefu hadi mwisho, akakata uzi.

"Nimezaa watoto watatu," alisema, "na bado kuna siku nasikia ile sauti yako ikisoma sentensi yangu."

"Nisamehe, dada."

"Nitajaribu. Usinifanyie haraka kama mafriji yako." Alinyanyua macho. "Unajua nilichokuwa nakitaka siku zile? Mtu mmoja tu aniambie kwamba kosa si langu. Mmoja tu. Nenda kamwambie mtoto wako. Nenda leo, usingoje majibu ya wataalamu."

Alikwenda. Chiriku alikuwa uani akikunja nguo. Fundi Baridi alichuchumaa mbele yake, akamshika vidole vilevile alivyovipiga.

"Mwanangu, nilikosea. Herufi zinakusumbua, na kosa si lako. Wewe si mvivu. Sitakupiga tena kwa ajili ya kusoma. Tutatafuta mtu anayejua namna ya kukufundisha."

Chiriku alimkazia macho, kama anayesubiri utani uishe. Utani haukuwepo.

"Zinatembea, baba," alinong'ona. "Herufi. Nikizitazama sana, naona kama zinabadilishana viti."

"Mbona hukusema?"

"Nilidhani kwa kila mtu ni hivyo. Nilidhani wenzangu wanazikamata haraka, mimi ndiye mjinga."

Mama, aliyekuwa mlangoni, alifunika mdomo kwa khanga yake. Machozi yalimtoka bila sauti.

Kuanzia siku hiyo walifuata maelezo ya mwalimu wa elimu maalumu. Kwanza walimpeleka Chiriku kituo cha afya akapimwe macho na masikio, maana mtoto asiyeona au asiyesikia vizuri naye hushindwa kusoma. Macho yalikuwa mazima, na masikio hayakuwa na kasoro. Kwa wiki tatu mama aliandika katika daftari dogo kila alichokiona: neno gani lilimshinda, lini alichoka, kazi gani aliifanya kwa raha. Kisha wazazi wote wawili wakaenda shuleni na daftari lile.

Mwalimu wa darasa alilisoma akiwa amekunja uso. "Nina watoto sabini na wawili," alisema. "Mnataka nifanye nini?"

"Hatukuja kukulaumu, mwalimu," mama alijibu. "Sisi tunakaa naye nyumbani, na hatukuona. Tumekuja tusaidiane."

Mwalimu alifungua ukurasa mwingine, akaurudia mara mbili. Uso wake ukalegea. "Kuna wengine wawili darasani mwangu walio hivi hivi," alisema polepole. "Nao nawaita wavivu." Akachukua karatasi, akaandika barua ya kumpeleka Chiriku kwenye kituo cha kupima watoto.

Kusubiri nafasi kulichukua miezi miwili. Fundi Baridi nusura atoboe sakafu kwa kutembea. Hatimaye wataalamu walimpima Chiriku kwa siku mbili, kwa maswali, picha, maneno na hesabu. Jibu likatoka: uelewa wake ni mzuri sana, lakini ana ugumu wa kusoma na kuandika. Wakaeleza afundishwe vipi.

Hakukuwa na miujiza. Chiriku alihamishiwa dawati la mbele. Alipewa muda zaidi wa mtihani, na baadhi ya maswali alijibu kwa mdomo. Hakuitwa tena kusoma mbele ya darasa bila kujiandaa. Mara mbili kwa wiki alikwenda kwa mwalimu wa elimu maalumu. Nyumbani, kila jioni, walikaa dakika ishirini tu, si zaidi, na sinia la mchanga. Mama alimfundisha kukunja ngumi na kuinua dole gumba: mkono wa kushoto ni *b*, wa kulia ni *d*. Kulikuwa na siku alizosahau kila kitu. Kulikuwa na siku alizorusha mchanga ukutani na kulia, na baba akatoka nje kuzunguka nyumba mara tatu ndipo akarudi kuufagia.

Mwisho wa mwaka alisoma ukurasa mmoja ambao hakuwahi kuusikia, polepole, karatasi ikiwa chini ya mstari ili asipotee. Alikosea maneno sita. Hakurudia darasa. Na wale watoto wengine wawili nao walikuwa wameshapimwa.

Wiki iliyofuata dada yake Fundi Baridi alifika kwao bila taarifa. Alizungukazunguka, akasifu pazia, akauliza habari za majirani. Mwishowe akamgeukia Chiriku.

"Yule mwalimu wako," alisema, "hufundisha watoto tu?"

"Nilimuuliza, shangazi. Anasema hata watu wazima hujifunza. Ila yeye hana nafasi Jumamosi." Chiriku alikuwa ameshalivuta sinia. "Mimi ninayo."

Basi wakaanza. Jumamosi moja Fundi Baridi aliwakuta mezani, vichwa vimegusana. Shangazi alikuwa ameweka kidole chini ya neno, jasho likimtoka.

"Ma... ma..."

Fundi Baridi alifungua mdomo amsaidie. Mkewe akamkanyaga mguu.

"Usikimbie, shangazi," Chiriku alisema. "Neno haliendi popote. Kata vipande."

"Ma... shi..." Chumba kizima kilingoja. "...ne. Mashine." Shangazi alilitazama neno, akalirudia kwa kidole kutoka mwanzo hadi mwisho. "Mashine! Kumbe ndivyo inavyoandikwa, na miaka yote hii naikalia!"

Alicheka, akajifuta macho kwa kiganja chenye mchanga, kisha akalisogeza sinia karibu zaidi.

"Haya, mwalimu," alimwambia mtoto. "Lete lingine."